Jinsi ya kuandika tanzia ya ligi ya besiboli iliyokufa, ukiwa Gikomba

Nauza kofia na jezi za mitumba katika soko la Gikomba, Nairobi, mwaka wa kumi na nne sasa. Kofia za besiboli hutoka haraka kuliko zote. Makanga wanazipenda, wanafunzi wa chuo wanazipenda, na wazee huzinunua za kwenda nazo shambani. Mnunuzi hatazami jina lililoshonwa mbele. Anakunja ukingo aone kama umevunjika, anapindua ndani aone jasho limekula wapi, kisha anataja bei yake. Mimi pia sikuwa natazama jina. Hadi asubuhi moja ya 2022: nimefungua robota kabla ya saa kumi na mbili, wateja wa kamera, wale wanaochagua kwanza, wamenizunguka wanachomoa vitu vizuri, nikashika kofia yenye maandishi Lowell Spinners. Niliificha chini ya meza.

Spinner ni msokota nyuzi. Nilisomea ushonaji kabla ya kuingia sokoni, na chuoni nilicheza softiboli, ndugu yake besiboli, kwa hiyo timu ya besiboli inayojiita wasokota nyuzi ilinigusa pande mbili. Usiku huo nilikaa na simu hadi chaji ikaisha. Lowell ni mji wa jimbo la Massachusetts uliokua kwa viwanda vya pamba katika karne ya 19. Kitambaa cha viwanda vya Massachusetts ndicho kilichofika Unguja karne hiyohiyo kwa meli za wafanyabiashara wa Salem, na watu wa pwani wakakiita merikani. Timu yenyewe ilianza kucheza Lowell mwaka 1996, ikilea wachezaji wa timu kubwa ya Boston Red Sox, ndani ya ligi iitwayo New York–Penn League. Msimu wa 2020 haukuchezwa kwa sababu ya korona. Msimu wa 2021 ulipofika, ligi haikuwepo tena. Wazee wetu waliita mitumba kafa Ulaya, na kofia hii ilistahili jina hilo kwelikweli.

Tangu hapo nimeandika historia za ligi nne zilizokufa, kila moja katika daftari lake la kurasa 200. Binti mmoja anayesomea uandishi wa habari aliyaona madaftari hayo kibandani akaniuliza, "Mama, huwa unaanzia wapi?" Alikuwa anapima jezi na nyuma yake kulikuwa na wateja, kwa hiyo nilimjibu nusu. Hili ndilo jibu zima.

Kwanza ujue unachokitafuta. Marekani ina ligi mbili kubwa za besiboli, na chini yake kwa zaidi ya miaka mia kumekuwa na ligi ndogo za miji na majimbo. Septemba 1901 viongozi wa ligi hizo walikutana Chicago wakaunda chama chao, na kuanzia 1902 zikapangwa kwa madaraja ya herufi, A juu na D chini. Daraja D lilikuwa la vijana wanaoanza, katika miji midogo ambayo leo ungepita kwa basi bila kuigundua. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia ligi zilifurika: mwaka 1949 zilikuwa 59. Mwaka 1963 madaraja B, C na D yalifutwa, na ligi zilizobaki hazikufika nusu ya zile. Kati ya miaka hiyo miwili ndiko kwenye makaburi mengi. Chimba hapo kwanza.

Anza na kifo

Wengi huanza na kuzaliwa kwa ligi. Mimi huanza na mwisho. Siku ya kuzaliwa kila mtu ana hotuba: meya yupo, mwenye kiwanda yupo, mpigapicha yupo, na maneno ni yaleyale mji hadi mji. Siku ya kufa hakuna bendi. Lakini huko ndiko utakapoona ligi ilikuwa imeshikiliwa na nini, maana kamba iliyokatika ndiyo iliyokuwa imebeba mzigo.

Juu ya ukurasa wa kwanza andika maswali manne. Mechi ya mwisho ilichezwa lini na wapi? Timu zipi zilikuwa zimebaki? Nani alikuwa anamdai nani? Wachezaji walikwenda wapi? Usiandike kingine chochote hadi uwe umejibu mawili kati ya hayo.

Kuna vifo vya aina mbili, na kila kimoja hutafutwa kivyake. Kuna ligi inayokufa msimu ukiendelea: timu moja inashindwa kulipa basi, nyingine inafuata, na mwezi wa Julai waliobaki wanafunga hesabu. Hiyo utaikuta kwenye kurasa za michezo, kwa herufi kubwa. Kuna ligi inayomaliza msimu salama, inagawa kombe, kisha majira ya baridi viongozi wanakutana hotelini, wanahesabu timu zilizo tayari kurudi, hazitoshi. Hiyo huandikwa kwa mistari michache chini ya ukurasa, Desemba au Januari, wakati msomaji anafikiria mpira wa kikapu. Mimi nilipekua magazeti ya Agosti na Septemba wiki mbili nzima nikitafuta kifo kilichotokea Februari.

Kuhusu sababu, kuwa mwangalifu. Utasoma kila mahali kwamba runinga iliua ligi ndogo. Ni kweli kwamba kuanzia mwanzo wa miaka ya 1950 ligi kubwa ziliingia sebuleni kwa redio na runinga. Ni kweli pia kwamba Vita vya Korea, 1950 hadi 1953, vilichukua vijana, na kwamba timu kubwa zilizokuwa zikilipa mishahara ya wachezaji wa miji midogo zilianza kupunguza matawi yao. Vyote vilisukuma. Kazi yako ni kuona kipi kilisukuma mwisho katika ligi yako. New York–Penn inanifundisha hili kila ninapoitazama kofia ile: korona ilizima msimu mmoja tu. Kilichoiondoa ligi duniani ni uamuzi wa wakuu wa besiboli wa kupunguza timu ndogo zilizounganishwa na timu kubwa kutoka 160 hadi 120. Ukiandika "korona iliiua", umemlaumu mtu asiyehusika.

Ligi, timu na jina ni vitu vitatu

Sisi tunalijua hili kutoka kwenye soka. Mwaka 1980, serikali ilipotaka majina ya kikabila yaondoke michezoni, Abaluhya ikawa AFC Leopards. Aliyekuwa shabiki Jumamosi alibaki shabiki Jumamosi iliyofuata. Jina lilikufa, timu ikaishi. Mtafiti wa mbali asiyejua hilo angeandika kwamba klabu moja ilifutwa na nyingine ikaanzishwa.

Mambo ni hayohayo katika besiboli. New York–Penn ilianza 1939 kwa jina la PONY, yaani herufi za kwanza za Pennsylvania, Ontario na New York. Ilipoanza, mji wake wa Ontario, Kanada, ulikuwa Hamilton. Hamilton ulipoondoka, herufi O ikabaki bila mwenyewe, na mwaka 1957 jina likabadilishwa. Longhorn League ya Texas na New Mexico ilicheza 1947 hadi 1955, kisha ikaendelea miaka miwili kama Southwestern League. Je, ilikufa 1955 au 1957? Mimi huandika tarehe zote mbili na kueleza. Na mji unaweza kuizika ligi yake wenyewe ukiwa hai: Batavia, jimbo la New York, ulikuwemo PONY ilipoanza na ulikuwemo ligi ilipofutwa, na besiboli inachezwa Batavia hadi leo, sasa ya vijana wa vyuo wakati wa kiangazi.

Jina pia linaweza kukudanganya kwa herufi moja. Kulikuwa na Mountain State League, 1937 hadi 1942. Humo ndimo Stan Musial, mmoja wa wapigaji wakubwa wa karne ile, alimoanzia mwaka 1938 akiwa na timu ya Williamson, West Virginia, wakati huo akiwa mtupaji, yaani anayemtupia mpigaji mpira. Kisha kulikuwa na Mountain States League, yenye s, 1948 hadi 1954, iliyokuwa na timu ya Knoxville, Tennessee. Ni ligi mbili tofauti. Mimi niliziandika kama moja, nikamweka Musial kwenye jedwali asilolijua, na nilipogundua nilichana kurasa kumi na moja. Tangu hapo kila daftari langu lina miaka pembeni ya jina, kila ninapolitaja.

Chora ramani kabla ya jedwali

Chukua karatasi uchore miji. Majina mengi ya ligi hizi ni ramani tayari: Three-I ni Illinois, Indiana na Iowa, Kitty ni Kentucky, Illinois na Tennessee. Ligi yangu ya kwanza ilikuwa ya Kansas, Oklahoma na Missouri, KOM kwa kifupi, daraja D, misimu saba kuanzia 1946 hadi 1952. Miji yake ilikuwa pamoja na Independence, Iola, Chanute, Pittsburg, Carthage, Miami, Bartlesville na Ponca City.

Soma orodha hiyo tena polepole. Miami hii si ile ya Florida yenye bahari. Iko Oklahoma. Pittsburg hii iko Kansas na haina h mwishoni; ile yenye timu ya ligi kubwa ina h. Independence ya Kansas si Independence ya Missouri. Ukitafuta kwa jina la mji peke yake utaletewa miji mingine yote duniani. Tafuta mji pamoja na jimbo, na pamoja na lakabu ya timu. Independence mwaka 1949 walikuwa Yankees, kwa sababu walikuwa tawi la New York Yankees.

Ramani itakuonyesha basi lilikwenda wapi, na basi ndilo lililokula pesa. Miji ya KOM ilikuwa karibukaribu: timu ilicheza jioni kwa wenyeji wao na wachezaji wakarudi kulala kwao. Ukiona ligi ya daraja la chini imeongeza mji wa mbali katika msimu wake wa mwisho au wa kabla ya mwisho, piga mstari chini yake. Mara nyingi ni dalili kwamba mji wa karibu ulikuwa umejitoa na wakachukua yeyote aliyekubali. Matatu inayokubali abiria wa Kangundo wakati njia yake ni ya Thika iko mashakani.

Jedwali likague kama hesabu ya duka

Sare ni adimu katika besiboli, na haihesabiwi kwenye msimamo. Kila mechi inayohesabiwa ina mshindi mmoja na mshinde mmoja. Kwa hiyo ukijumlisha ushindi wa timu zote za ligi na ukajumlisha vipigo vyote, lazima namba mbili ziwe sawa. Zisipolingana, kuna timu imeachwa nje ya jedwali, kuna timu iliyohama mji katikati ya msimu ikaandikwa mara moja badala ya mbili, au mchapaji alikosea. Fanya hesabu hiyo kabla ya kunakili chochote. Imeniokoa mara nyingi kuliko njia nyingine yoyote, na haihitaji intaneti.

Msimamo hupangwa kwa wastani, si kwa pointi. Chukua mfano huu wa kubuni: kinara ameshinda 75 na kupigwa 50, wa pili ameshinda 70 na kupigwa 55. Gawa 75 kwa 125 upate .600. Kujua wa pili yuko nyuma kwa mechi ngapi, toa ushindi kwa ushindi (5), toa vipigo kwa vipigo (5), jumlisha, gawa kwa mbili. Yuko nyuma mechi 5.

Kisha tafuta matokeo ya 9–0. Kanuni za besiboli zinasema timu ikipewa ushindi wa mezani, matokeo huandikwa 9–0. Bila shaka 9–0 nyingine zilichezwa kweli uwanjani. Lakini kila unapoiona, simama, fungua gazeti la siku hiyo. Huko ndiko nilikomkuta Jim Tugerson.

Cotton States League ilikuwa ya Mississippi, Arkansas na Louisiana, majimbo ya pamba kama jina lake linavyosema. Ilianza 1902, ikasimama na kuanza tena mara kadhaa, ikafa baada ya msimu wa 1955. Mwaka 1953 timu ya Hot Springs, Arkansas, iliwasajili ndugu wawili watupaji, Jim na Leander Tugerson, Wamarekani weusi. Hakuna mweusi aliyekuwa amecheza katika ligi hiyo. Viongozi wa ligi walipiga kura ya kuifukuza Hot Springs. Rais wa chama cha ligi ndogo, George Trautman, akaitengua kura hiyo. Hot Springs nao, wakiona wenzao hawatacheza nao, wakawapeleka ndugu hao kwa mkopo Knoxville, katika ile Mountain States League yenye s.

Mei wakamrudisha Jim. Tarehe 20 Mei 1953, nyumbani Hot Springs dhidi ya Jackson ya Mississippi, mashabiki wamejaa na Jim amepangwa kutupa, mwamuzi akatangaza kwamba Jackson wameshinda. Mpira haukuwa umetupwa hata mmoja. Jim akarudi Knoxville, akashinda mechi 29 msimu huo, na akaishtaki ligi ya pamba mahakamani.

Niliposoma hayo nilikuwa nimekaa juu ya robota la sweta, saa za mchana soko likiwa limepoa. Mechi 29. Mtupaji anayeshinda 20 kwa msimu mmoja huonwa kuwa amefanya kazi kubwa. Watu wa Hot Springs walikuwa wamelipa kiingilio kumwona mtu huyo, na ligi iliyokuwa inahitaji kila senti ya mlangoni ikamzuia asitupe hata mpira mmoja. Miaka miwili baadaye ligi hiyo haikuwepo. Sisemi hilo peke yake liliiua, majirani zake nyingi zilikufa miaka hiyohiyo. Nasema jedwali lingenipa namba mbili tu na mstari katikati, na ningepita.

Magazeti

Kwa ligi za kabla ya 1963, Maktaba ya Bunge la Marekani ina magazeti ya zamani yaliyowekwa mtandaoni bure katika hazina iitwayo Chronicling America. Oklahoma ina hazina yake, Gateway to Oklahoma History, na Texas ina Portal to Texas History, zote bure. Kwa habari za ligi zote kwa pamoja kulikuwa na gazeti la kila wiki la St. Louis, The Sporting News, lililoanza 1886. Takwimu za wachezaji mmojammoja utazipata Baseball-Reference. Maktaba ya jumba la kumbukumbu la besiboli lililoko Cooperstown, New York, hujibu maswali ya watafiti.

Mashine iliyosoma kurasa hizo haikusoma vizuri. Wino wa 1948 ulishavuja, na herufi ndogo za jedwali la mechi hugeuka uchafu. Usitafute jina la ligi. Tafuta jina la mtupaji lisilo la kawaida, au lakabu ya timu ngeni, kisha fungua ukurasa usome kwa macho yako. Pakua kurasa usiku data ikiwa rahisi. Mimi huzisoma kesho yake sokoni bila kuwasha mtandao.

Soma magazeti ya miji miwili kwa kila mechi muhimu. Gazeti la nyumbani husema mwamuzi alikosea. La wageni husema hakukosea. Idadi ya mashabiki pia hupanda au kushuka kulingana na nani anaandika na kama timu inaomba msaada wa wafanyabiashara wiki hiyo.

Usiogope kuandikia maktaba ya mji mdogo. Andika kwa ufupi, taja tarehe kamili na jina la gazeti, uliza kitu kimoja tu. Ukitaka kupiga simu Oklahoma wakati wa kiangazi, saa tatu usiku hapa kwetu ni saa saba mchana kwao.

Namba za wachezaji na hewa ya mji

Mwaka 1954 Joe Bauman wa Roswell Rockets, katika ile Longhorn League, alipiga homurani 72. Homurani ni mpira uliopigwa ukavuka uzio, na mpigaji anazunguka vituo vyote bila kuguswa. Hakuna mchezaji wa kulipwa aliyeifikia namba hiyo kwa msimu mmoja hadi Barry Bonds alipopiga 73 mwaka 2001. Bauman alikuwa pia na kituo cha mafuta mjini Roswell. Rekodi aliyoivunja ilikuwa 69, na mmoja wa waliokuwa nayo ni Bob Crues wa Amarillo, Texas, mwaka 1948.

Kabla ya kulinganisha namba hizo na za ligi nyingine, uliza mji uko juu kiasi gani. Roswell na Amarillo zote ziko zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari, nchi kavu yenye upepo. Hewa nyepesi huubeba mpira. Sisi wa Nairobi tuko juu zaidi yao, na aliyewahi kucheza softiboli hapa kisha akaenda Mombasa anajua mpira uleule huanguka mapema kule. Hilo halimpunguzii Bauman kitu, wapinzani wake walipiga katika hewa hiyohiyo na hawakufika 72. Ila usiseme alikuwa bora kuliko mpigaji wa Louisiana kwa sababu ya namba peke yake.

Katika ligi hizo za magharibi, mchezaji akipiga homurani alipita kando ya wavu, na mashabiki wakampitishia noti za dola kwenye matundu. Nilipolisoma hilo niliona taarabu, mama anainuka na noti kumtunza mwimbaji. Andika mambo ya namna hiyo. Hayamo kwenye takwimu, na kuna siku pesa ile ya wavuni ilikuwa kubwa kuliko mshahara wa wiki.

Mashahidi

Sina mzee wa Kansas wa kumhoji, kwa hiyo nilijifunza kuhoji hapa. Mzee mmoja wa Kaloleni aliniambia Nakuru All Stars walichukua ligi ya taifa ya kwanza mwaka 1964. Nilikwenda kwenye magazeti ya zamani, maktaba ya McMillan, Barabara ya Banda, na ilikuwa 1963. Timu alikuwa sahihi, mwaka ulimteleza. Niliporudi sikumuuliza mwaka tena. Nilimuuliza, "Mzee wangu, bendera ya mkoloni ilikuwa bado inapepea?" Akacheka, akasema, "Ilikuwa bado, binti yangu, lakini ilikuwa imechoka." Kumbukumbu hushika matukio kuliko tarehe. Tumia njia hiyohiyo kwenye mahojiano ya wachezaji wa zamani utakayoyasoma: mchezaji akisema "ilikuwa mwaka niliooa", katafute mwaka aliooa.

Kwa tuhuma, ngoja. Evangeline League ya Louisiana ilikuwa na kashfa ya kupanga matokeo katika mechi za mwisho za 1946, na wachezaji watano wakafungiwa. Mmoja wao, Bill Thomas wa Houma, alikuwa ameshinda mechi 35 msimu huo. Ukiishia kwenye gazeti la kwanza utaandika kwamba maisha yake ya mpira yaliisha hapo. Songa mbele miaka kadhaa: alifunguliwa, akarudi kutupa. Jina la mtu usilifunge kabla hujamaliza kurasa zake zote.

Kuiandika

Mimi hutumia umbo la tanzia zetu za magazetini, kwa sababu linakulazimisha kutaja ndugu. Marehemu ni nani, alizaliwa lini, mtoto wa nani, ameacha nani. Ya KOM nimeibandika ndani ya jalada la daftari:

"Tunatangaza kifo cha Kansas–Oklahoma–Missouri League, daraja D, aliyezaliwa 1946 vita vilipoisha na kufariki baada ya msimu wa 1952. Alilelewa na miji ya Independence, Iola, Chanute, Pittsburg, Carthage, Miami, Bartlesville, Ponca City na mingine. Mlezi wa Mickey Mantle, kijana wa Commerce, Oklahoma, jirani na Miami, aliyeichezea Independence mwaka 1949 akiwa na miaka 17, mechi 89, wastani wa .313, na baadaye akafika New York Yankees. Jirani wa ligi ya Western Association, aliyemfuata kaburini 1954."

Wastani wa .313 maana yake ni kwamba katika kila majaribio 1,000 ya kupiga angefaulu 313. Weka maelezo kama hayo kando, kwa wasomaji wetu ambao hawakukulia na mchezo huu.

Tarehe zote ziandike kwa penseli hadi uzione sehemu mbili zisizonakiliana, ndipo upitishe kalamu. Miji iandike pamoja na majimbo yake. Pesa ziache kwa dola za mwaka ule, usizigeuze kuwa shilingi za leo.

Kofia ya Lowell imetundikwa kwenye msumari juu ya mizani. Ndani yake, kwenye ule mkanda wa jasho, nimekunja karatasi yenye mistari miwili: PONY 1939, New York–Penn 1957 hadi 2020. Wateja huiulizia bei karibu kila wiki, nami huwapa ya pembeni yake, ya Boston, ambayo timu yake bado inacheza.